Tafuta uzito unapotua: vidokezo 13 vya kuchora Mwanza na watu wake

Ukitaka kujifunza kuchora watu na mahali, Mwanza ni darasa tosha. Kila kitu hapa kimebeba kingine. Jiwe limekalia jiwe, nyumba imekalia jiwe, ndoo ya dagaa iko kichwani, gunia liko begani, mtumbwi umelemewa na nyavu. Miaka yote niliyozunguka mialo na vilima vya jiji hili, daftari kwapani, imenifikisha kwenye imani moja: mchoro unapata uhai pale mchoraji anapojua uzito umetua wapi. Sura inaweza kufanana na mwenyewe mpaka kope, lakini mguu usiposhika ardhi mtu huyo anaelea tu kwenye karatasi. Vidokezo vingi hapa chini vinazunguka jambo hilo. Vingine ni vya adabu, kwa sababu mtu usiyemsalimia huwezi kumchora vizuri.

1. Salimia kabla ya kufungua daftari

Nimekitanguliza hiki kwa sababu bila hiki vingine havisaidii. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa, watu wako kazini tangu alfajiri. Ukitokea tu, ukasimama pembeni, ukawa unawakodolea macho huku unaandika kitu kwenye karatasi, watakudhania ni mtu wa kodi, askari kanzu au mwandishi wa habari. Mtu anayehangaikia mzigo wake hamtaki hata mmoja kati ya hao.

Mzee mpe shikamoo yake. Mama wa Kisukuma ukimwambia "Mwangaluka, mayu" asubuhi, uso utafunguka kabla hujaomba lolote. Walio kazini waambie "poleni na kazi". Kisha sema shida yako kwa maneno mepesi: mimi ni mchoraji, naomba nikae hapa nichore mnavyoanika dagaa, nikimaliza mtaona. Wakikataa, shukuru uende zako. Wakikubali, kaa chini. Anayechora amesimama anaonekana yuko njiani. Anayekalia ndoo iliyopinduliwa ameshakuwa mgeni, na mgeni ana haki zake.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, kuhusu sangara, ndege za mizigo na umaskini. Nchini ilivumishwa zaidi na picha zake za mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Kwa hiyo usishangae mtu akikuuliza mchoro huu unaupeleka wapi. Swali lake ni la haki, mjibu. Mchoraji ana nafasi ambayo mpiga picha mwenye haraka hana: karatasi iko wazi, kila anayepita anaiona inavyojaa, na mwenye sura anaweza kusema "hapo sivyo" kabla kazi haijaisha. Itumie nafasi hiyo.

2. Kopa timazi ya fundi mwashi

Fundi mwashi ana uzi wenye kizito cha kuning'inia. Nao ndio unaomwambia kama ukuta umesimama au umelala. Penseli yako ifanye kazi hiyohiyo. Ishike wima mbele ya jicho moja, umtazame mama aliyejitwika ndoo. Katikati ya ndoo, shingo, na kisigino cha mguu uliobeba mwili vyote viko kwenye mstari mmoja. Mabega yatakwenda huku na kiuno kule, kitenge kitapepea, mkono mmoja utamshika mtoto, lakini mstari ule haukatiki. Ukikatika, ndoo inaanguka. Basi na wewe uvute kwanza, kwa wepesi, ukurasa mzima kutoka juu hadi chini, kisha umjenge mtu juu yake.

Mchukuzi wa gunia ana hesabu nyingine. Gunia likiwa bega la kulia, kiwiliwili kinaegemea kushoto na mkono wa kushoto unatanuka kutafuta mizani. Anapopanda ubao kuelekea kwenye lori, magoti hayanyooki kabisa, na vidole vya miguu vinafunguka vikishika mbao. Vidole hivyo ndivyo vinavyotuambia kwamba gunia ni zito. Uso wake unaweza kuwa unacheka na mwenzake. Wachoraji wengi wanaoanza humaliza nguvu zote usoni, wakifika miguuni karatasi imeisha. Geuza mpangilio. Tenga siku moja uchore miguu tu: ya kandambili, ya buti za mpira, na ile iliyo peku na ina magamba ya samaki mpaka kwenye kifundo. Ukurasa huo utakufundisha kuliko nyuso kumi.

Vipimo vya kukariri ni vichache. Mtu mzima aliyesimama ni vichwa saba au saba na nusu. Mtoto wa miaka mitano ni vichwa vitano hadi sita. Macho yako katikati ya kichwa, si juu karibu na nywele. Vikariri, kisha macho yako yawe na sauti ya mwisho.

3. Chora kazi kabla ya sura

Tazama dagaa wanavyoanikwa. Mama anashika ndoo, mkono mmoja chini na mwingine ukingoni, anageuza kiwiliwili chote kwa mara moja, na dagaa wanatoka wametandazika, wanafika mchangani wakiwa safu moja nyembamba. Hakuna lundo. Ingekuwa lundo, wa chini wangeoza kabla wa juu hawajakauka. Jua likishawashika anarudi kuwageuza, ameinama kuanzia nyongani, miguu imenyooka, mgongo umelala sambamba na mchanga. Mkao huo asiyeuzoea hawezi kuukaa dakika mbili, na yeye anaukaa asubuhi nzima huku anapiga soga na jirani yake.

Uzuri wa kazi ni kwamba inajirudia. Usihangaike kumfukuza mtu kwa penseli kila anapojongea. Gawa ukurasa sehemu nne: kumwaga, kuinama, kugeuza, kusimama kunyoosha mgongo. Kila akirudi kwenye mkao mmoja, ongeza mistari kwenye sehemu yake. Akiuacha, hamia kwenye mwingine. Baada ya nusu saa utakuwa na watu wanne ambao kwa kweli ni mmoja, na utamjua kuliko ungemsimamisha wima akutazame akiwa amekakamaa.

Sura iache mwisho, na mara nyingi haitahitajika. Wenzake watamtambua kwa mgongo. Nimeshaona watu wa mwalo wakigombea daftari, wakitajana mmoja mmoja kwa namna anavyofunga kilemba au anavyoweka mkono kiunoni, na kwenye karatasi hapakuwa na pua hata moja.

4. Jiwe lianze na ufa

Mawe ya Mwanza ni itale, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Yalipoa yakiwa chini ya ardhi, yakapata nyufa za wima na za mlalo. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakala pembe kwanza kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Udongo ulipooshwa, yakabaki mapande ya mviringo yaliyokaliana. Ukijua hivyo hutachora lundo la viazi. Utatafuta nyufa, utaona kwamba jiwe la juu na la chini zamani yalikuwa jiwe moja, na mistari yako itaanza kuelewana.

Jiwe la Bismarck, pale karibu na kivuko cha Kamanga, linachorwa kuliko yote na linaharibiwa kuliko yote. Watu huchora umbo la nje, lile linaloonekana kwenye kadi na fulana, wakasahau pale jiwe la juu linapogusa la chini. Mahali hapo pa kugusana ni padogo, na kivuli chake ni cheusi kuliko kingine chochote utakachokiona. Giza lako lote liweke hapo. Kwingine kote tumia kijivu, na ile michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege iache ishuke ikifuata mviringo wa jiwe. Itakupa umbo bila wewe kuhangaika na vivuli.

Kisha geukia vilima, Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando. Wageni huanza na mabati kwa sababu ndiyo yanayong'aa. Wewe anza na misingi. Tazama ukuta wa mawe uliopandishwa upande wa bondeni ili sakafu ikae sawa, ngazi zilizofuata mkunjo wa mwamba, mfereji mwembamba wa maji ya mvua uliopitishwa katikati ya nyumba mbili bila kuziharibu zote mbili. Akili ya aliyejenga iko humo. Ukichora mabati peke yake utapata rundo la vibanda, na hilo ni kosa dhidi ya watu wanaoishi pale. Ukichora misingi utapata mji uliojengwa na mafundi.

Weka na kiumbe kidogo. Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu miaka ya 1960 na sasa ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kimejaa mijusi wa miambani. Dume ana kichwa na kifua vya wekundu wa waridi na mwili wa bluu, na hukaa juu ya jiwe kana kwamba amelipiwa. Mweke. Pasipo kitu kidogo kando yake, jiwe halina ukubwa.

5. Fuata saa za jua

Tuko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta. Karibu na saa saba mchana jua liko utosini, vivuli vimekimbilia chini ya miguu, na mawe yote yanaonekana bapa. Chora kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na moja hadi giza liingie. Giza letu huingia upesi, kwa hiyo vivuli virefu viwekee alama mapema, vinginevyo vitakuwa vimehama kabla hujafika navyo. Mchana kaa kwa mama lishe, uchore waliokaa kivulini.

Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, panda Bwiru au nenda Capri Point utazame ziwani. Wavuvi wa dagaa hutoka siku hizo, kwa sababu dagaa hufuata taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni balbu za betri na za sola, na mwanga wake umekuwa mweupe zaidi. Chukua karatasi nyeusi na penseli nyeupe. Kila taa ina alama yake ndefu iliyolala majini chini yake, na hiyo ya majini ni pana na dhaifu zaidi.

6. Ziwa halina bluu ya kwenye kopo

Ndani ya ghuba maji mara nyingi ni ya kijani kwa sababu ya mwani. Asubuhi ya shwari yanakaribia fedha. Mchana upepo ukitoka ziwani yanakunjika na kukolea, na pale kivuli cha wingu kinapopita yanakuwa karibu zambarau. Magugu maji nayo yanakuja na upepo, yanafunika ufuo siku kadhaa, kisha yanahama yote kwa pamoja. Yachore yakiwepo, ni sehemu ya ziwa la sasa.

Na usichore bahari. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini ukiwa mjini unachoona ni ghuba yenye visiwa, na ng'ambo vilima vya Sengerema. Ng'ambo hiyo ipe mstari wa rangi dhaifu. Ukiiondoa, mchoro wako utakuwa wa mahali pengine.

Jambo la afya: usitumbukize miguu majini ukichora. Kichocho kipo. Chukua maji yako ya kuchanganyia rangi kwenye chupa.

7. Ngozi yetu haitoki kwenye tyubu nyeusi

Hili linanikera, nalisema wazi. Watu wananunua rangi nyeusi, wanaongeza nyeupe kidogo, wanapaka uso wa Mwafrika, na uso unakufa kwa rangi ya majivu. Anza na kahawia iliyokolea, ongeza bluu kupata giza, ongeza wekundu kidogo masikioni, puani na kwenye vifundo vya vidole. Mahali panapopigwa na mwanga usikimbilie nyeupe. Ngozi nyeusi inachukua rangi ya kinachoizunguka: paji la uso la mvuvi mwenye jasho lina bluu ya anga, na chini ya kidevu cha mama anayeanika dagaa kuna manjano yaliyorudishwa na mchanga. Ukiyaona manjano hayo mara moja hutaacha kuyaona tena, na ndiyo yatakayoonyesha kwamba yuko ufukweni hata kama hujachora hata tone la maji.

Watu wawili waliokaa bega kwa bega hawana kahawia moja. Changanya kila mmoja ya kwake.

8. Mvuvi ndiye mhakiki wako

Mtumbwi wa ziwa hili hujengwa kwa mbao, juu ya mkuku na mataruma. Tafuta kwanza mahali maji yanapoukata. Ukiwa mtupu unaelea juu na pua yake imeinuka; ukijaa, ubavu unaobaki juu ya maji ni mwembamba mpaka unaogopesha. Tofauti hiyo ni ya sentimita chache kwenye karatasi, na ndiyo inayoonyesha kama watu wanakwenda au wanarudi, na kama usiku ulikuwa mzuri.

Mvuvi akishika daftari lako hatazami uzuri. Anatazama kama chombo kitazama. Mpe mchoro kabla hujauita umekwisha, umwache aseme kamba inafungwa wapi, nyavu zinakaa upande gani, nani anakaa nyuma kwenye mashine. Mwalimu wa chuo cha sanaa hatakwambia hayo. Maandishi ya ubavuni, dua, jina la mtoto, jina la timu, yanakili herufi kwa herufi kama mwenyewe alivyoyapaka, hata nafasi kati ya herufi. Mwenye mtumbwi aliyapanga kwa makusudi.

9. Feri ni darasa, kumbukumbu ni mtihani

Safari ya Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, huchukua kama saa tatu za majini. Watu wamekaa, hawana pa kwenda, mwanga wa maji unapiga dari na kurudi usoni. Omba ruhusa kwa jirani yako na uanze. Mashada ya watu waliokaa pamoja yachore kama umbo moja kwanza, ukitafuta ukingo wa nje wa kundi zima pamoja na mabegi na kuku kwenye tenga, ndipo uwagawe. Aliyelala usimchore uso. Hawezi kukuruhusu. Chora mikono yake iliyokumbatia begi, inatosha.

Mkifika, funga daftari. Jioni fungua ukurasa mtupu na uchore uliyoyaona bila kuchungulia. Hii si mbinu yangu. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwazoesha wanafunzi kusikiliza maelezo ya tukio na kulichora kutoka akilini. Mmoja wa waliopita pale ni Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alikuwa balozi wetu London. Mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Utazame ukipata nakala. Watu wamebeba, wanatembea, kila mmoja ana mzigo wake, na nyuso karibu hazipo. Kumbukumbu huchuja hivyo: inatupa vifungo vya shati, inabakiza mwendo.

10. Nenda Bujora, na ujue kwamba kuta za huku zilichorwa zamani

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma. Yalianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement. Kuna ngoma za watemi, viti vya enzi na nyumba za jadi, na vyote vinakubali kuchorwa kwa utulivu. Ukibahatika kufika mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, utakuta makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kwa ngoma. Mchezaji wa bugobogobo, mwenye jembe mkononi, usimchore akiwa juu hewani. Mchore anapotua: magoti yamekunjika, vumbi limeruka, jembe bado liko juu linakuja. Mruko utaonekana wenyewe.

Kuna jambo ambalo kila mchoraji kijana wa Kanda ya Ziwa anapaswa kulijua. Chama cha Bayeye, wale wacheza na nyoka, walikuwa wakichora watu na nyoka kwenye kuta za ndani za nyumba zao za mikutano. Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo London mwaka 1953. Basi ukiambiwa kwamba kuchora ni mambo ya wazungu, au ni mchezo wa waliokosa kazi, una jibu, na jibu lenyewe lilikuwa ukutani.

11. Usisubiri vifaa

Penseli ya 2B na ya 4B, kalamu ya wino ya kawaida, kifutio, na daftari lisilo na mistari. Ukikosa daftari, karatasi za manila zikatwe nne na zishonwe uzi. Mkaa wa jikoni unachora. Chagua kipande laini na chembamba, na ukimaliza uulinde mchoro kwa kuufunika kwa karatasi nyingine ili usifutike. Edward Saidi Tingatinga alianzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za dukani na vipande vya ubao laini wa kujengea. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake bado unalisha familia. Fedha uliyokusudia kununulia rangi ya bei mbaya, itumie kwa nauli ya kwenda Ukerewe.

12. Kuna mahali penseli inakaa mfukoni

Bandarini, kwenye vituo vya polisi na kambi, uliza kwanza, na ukikatazwa usibishane.

Igoma ni suala jingine. Pale wamezikwa wengi wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na ndugu zao bado wanakuja. Ukienda, nenda kama mtu aliyekwenda makaburini. Mimi nadhani mahali pale panaweza kuchorwa, siku isiyo na waombolezaji, bila majina na bila watu, na kwa aliyekaa kwanza muda mrefu bila kutoa daftari. Wenzangu wengine wanasema pasichorwe kabisa. Siwabishii.

13. Andika nyuma ya karatasi

Mahali, tarehe, saa, upepo ulikotoka, na jambo moja aliloniambia mtu niliyemchora: hayo naandika papo hapo, kwa penseli, kabla sijanyanyuka. Fanya hivyo na wewe. Mji huu unabadilika kwa kasi. Walioketi Kigongo kuchora foleni ya magari yakisubiri kivuko cha kwenda Busisi, na wauza mahindi, karanga na maji walioishi kwa foleni ile, sasa wana kumbukumbu isiyopatikana tena. Daraja la kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025 na magari yanapita bila kusimama. Mchoro usio na tarehe hauwezi kumwambia mjukuu wa muuza karanga kwamba huyu ndiye bibi yake, na kwamba alikuwa akisimama hapa.

Andika pia namba ya simu ya uliyemchora, akikubali kukupa, na itunze kwenye daftari lako pekee. Jioni hiyohiyo piga picha ya mchoro umtumie. Ukipata soko la kuuza mchoro wenyewe, mpigie kabla hujauza, umwambie bei, na kwenye bei hiyo umtolee chake.